Nilivyokula Futari ya Bosi Nikidhani Ameanza Kufunga

Nimechoka kuulizwa habari hii, kwa hivyo naikubali hapa mara moja: mimi, mtu mzima mwenye cheti cha shule ya usiku, niliamini kabisa kwamba Sunni hufunga Ramadhani mchana na Shia hufunga usiku. Aliyeniambia ni jirani yangu wa dawati kule Waithaka, jamaa aliyejua kila kitu duniani isipokuwa majibu ya mtihani.

Sasa, bosi wangu wa duka la vigae mjini, Bwana Abbas, ni Shia, na mimi nilikuwa mwezi wa mwisho wa majaribio, nangoja barua ya kuajiriwa. Akatualika futari kwake Parklands, mimi na Hassan wa stoo, ambaye ni Sunni. Nikaacha chakula cha mchana (nilijiambia ni heshima, kumbe nawaza sambusa), nikapanda ngazi ghorofa tano, lifti imekufa, nikafika magoti yakiomba likizo.

Msikiti wa jirani ukaadhini. Hassan akala tende, akanywa maji, akaenda kuswali. Wenyeji hawakugusa kitu. Nikawahurumia: masikini, ndio kwanza wanaanza kufunga! Baada ya muda nao wakaingia chumba cha ndani kuswali, nikabaki mezani na mama yake bosi, mzee wa miguu mibovu, kitini na tasbihi yake.

Nikaamua kuwasaidia, chakula kisiharibike. Nikaanza na sambusa moja, zikaja katlesi, nikahamia sahani ya bosi, nikavuka kwa mkewe, nikateremshia na sharbati iliyokuwa mbele ya huyo mama, naye ananikodolea macho bila kuacha kuhesabu tasbihi. Nikamwambia kwa upole, "Pole, shosho, alfajiri si mbali."

Waliporudi walikuta kokwa za tende.

"Kariuki!" Hassan akashika kichwa. "Umekula futari ya nyumba nzima?"

"Si hawa hufunga usiku?"

Shosho akacheka mpaka tasbihi ikaanguka. Bosi hakucheka. (Tangu siku hiyo sigusi hata maji kabla ya mwenye nyumba.) Akatoa barua mfukoni, akaitazama, akazitazama sahani, nami nikaona kazi inaondoka.

"Chukua," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajala tangu alfajiri. "Na usikie vizuri. Sote tunafunga mchana. Sisi tunangoja tu wekundu uondoke angani upande wa mashariki. Ni kama dakika kumi hivi, Kariuki."