Kura ya Bi Loveday

Hapa Burra, mji wetu wa mgodi wa shaba, wakili Jabez Trevorrow tulimheshimu sana. Alipokuwa mbunge kijana alipigania kura ya siri mpaka ikawa sheria, kwa sababu wachimba shaba walikuwa wakipiga kura kwa kunyoosha mikono huku bosi wa mgodi akiwakodolea macho. Siku hiyo baba zetu walimbeba mabegani.

Uzeeni akatugeukia sisi wanawake. Kila tulipodai kura alitucheka: "Mkienda kupiga kura, atapika nani?" Mimi, jirani yake, alinichefua kabisa.

Kura tukaipata. Uchaguzi uliofuata, Trevorrow akaanguka kwa kura moja tu.

Jioni hiyo nilikwenda kuwapa pole, wakanikaribisha mezani. Mkewe, Bi Loveday, alikuwa ameoka pai ya nyama na viazi, kama kawaida yake. Mzee hakugusa chakula.

"Mama," akasema hatimaye, "hebu niambie ukweli. Wewe ulimpigia nani?"

Bi Loveday akamsogezea sahani taratibu.

"Siku hizi hata bosi wa mgodi haulizi hivyo, mume wangu. Kula, pai inapoa."