Panga la Msiba wa Mwalimu Melkiory

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Melkiory alifundisha baiolojia Nyakatuntu, na aliyemsikiliza mpaka mwisho alikuwa mkewe Placidia, ambaye hakuwa na pa kukimbilia. Kila jioni, wakimenya ndizi, alimweleza jinsi bakteria wa mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, wanavyoongezeka. Ndani yao mna vimeng'enya viitwavyo polimerasi. Vimeng'enya hivi hufuata uzi wa DNA na kuunakili herufi kwa herufi, mamia kwa sekunde. Kimoja kikikosea herufi, kinarudi nyuma, kinaifuta, kinaandika upya. Nakala ikikamilika, bakteria mmoja anagawanyika kuwa wawili.

"Kinakagua kazi yake chenyewe?" Placidia aliuliza. "Basi kinamzidi shemeji Polikarpi."

Juzi Bwana alimwita Melkiory. Asubuhi ya maziko, Polikarpi, kaka wa marehemu, mtu asiyewahi kufuta neno lake tangu abatizwe, alifika na panga. Kwa desturi, ndizi za msiba hukatwa kibanja kwa kibanja, kila nyumba ikitoa katika shamba lake la migomba. Panga lile lilikuwa limeshapita vibanja vinne, na katika kimoja migomba ilikuwa imenyauka, ikitoa usaha wa manjano. Sasa ikawa zamu ya kibanja cha Placidia, chakula pekee cha watoto wake watatu.

Mjane hukaa mkekani, kimya. Placidia alisimama.

"Shemeji, lipitishe kwanza motoni."

"Mama Salvina, umefiwa, pumzika. Nimelifuta kwa jani."

"Hao bakteria umewapangusa uso tu. Bado wanajinakili."

"Wanajinakili! Kumbe nawe umeajiriwa shuleni?"

Wanawake waliokuwa wakimenya wakacheka chini chini.

"Polimerasi ni protini, shemeji. Moto unaiharibu kama ute wa yai kikaangoni. Hapo hakuna tena wa kunakili."

"Wazee wetu hawakuchoma mapanga."

"Wala hawakuujua mnyauko huu. Haya, kata. Ila kibanja kikifa, wanangu watakula kwako. Wote watatu, mpaka waoe na kuolewa."

Sayansi ikamwingia Polikarpi papo hapo, bila ubao wala chaki. Akalichomeka panga kwenye makaa mpaka likawa halishikiki. Waombolezaji wakalitazama kwa utulivu ambao katekista hajawahi kuupata.

Akakata mkungu wa kwanza. Alipougeukia mgomba wa pili, alimkuta Placidia ukingoni mwa kibanja, rozari mkononi, akimwonyesha moto kwa kidevu. Polikarpi akarudi kuchoma tena.