Asali Auza Nyumba ya Baba Yake

Madalali wenzake walimbatiza jina la Asali kwa sababu ya ulimi wake. Nyumba kuukuu zilizowashinda wengine, zenye dari iliyolegea na milango inayolia, ndizo alizozitaka. Alikuwa akifika mapema kabla ya wateja, anafungua madirisha harufu ya ukungu itoke, anawasha taa kwenye vyumba vya giza na kusugua sinki mpaka ling'ae. Kisha maneno yakaanza kutiririka. Chumba kidogo kikawa chumba tulivu. Ua lililojaa magugu likawa nafasi ya kufanya utakalo. Uongo hakusema, ila alijua asimame wapi ili mgongo wake uzibe ufa.

Siku kaka yake mkubwa alipompigia simu kumwambia auze nyumba aliyoiacha marehemu baba yao, ulimi ule ulimkauka. Alizaliwa humo. Na ndoa yake ilipovunjika alirudi humo humo, akawa anamtunza mama yao ambaye magoti yalikuwa yamekwisha.

"Mama atakuja kwangu," kaka alisema. "Hospitali iko jirani. Pesa ya nyumba itamtibu."

"Na mimi?"

"Wewe si dalali? Anayewatafutia watu nyumba atakosaje ya kwake?"

Kaka alicheka. Asali hakuona cha kuchekesha. Akikataa, ataonekana anamnyima mama matibabu. Akikubali, anajitoa nje kwa mikono yake mwenyewe. Akajikaza kisabuni, akapaka sebule rangi, akaanza kuleta wateja.

Mama ndiye aliyewafukuza. Waliingia wakamkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, akawakaribisha kwa upole wote. "Karibuni, wanangu. Mvua ikinyesha msilale chumba kile cha mkono wa kulia, panavuja." Bwana mmoja alikuwa ameshapapenda barazani, akaambiwa kwamba mabomba ya chooni yana hasira zake na yakinuna hununa wiki nzima. Aliaga kwa adabu na hakuonekana tena.

"Mama, unaniharibia kazi," Asali alimwambia.

"Nimedanganya?"

"Hujadanganya. Lakini si lazima useme yote."

"Kwani wewe unataka iuzwe?"

Asali akaenda jikoni, akafungulia maji ingawa hakukuwa na chombo cha kuosha.

Kaka akaanza kuuliza kama anafanya makusudi. Kazini walimtania kwamba asali imechacha, naye akacheka nao. Akitoka kusifia nyumba za watu, anarudi kwake na kukuta mama ameketi pale pale, na simu ya kaka inaita.

Ndipo akaja muuguzi mmoja mstaafu, mwanamke wa maneno machache. Aligonga kuta kwa kidole akitega sikio, kama anayepima kifua cha mgonjwa. Mama akamweleza habari za paa, akamweleza na za mabomba.

"Paa hubadilishwa," muuguzi alisema. "Kuta hizi siku hizi hazijengwi." Kisha akamgeukia Asali. "Na wewe, dada, utahamia wapi?"

Asali alikuwa na jibu kwa kila swali la mteja. Hili alilijibu kwa kwenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa tayari.

"Hapo ndipo penyewe," mama akasema kutoka kitini. "Mimi ngazi za mlangoni zimenishinda, ningeshaondoka zamani. Lakini kwa kaka yake kuna chumba kimoja cha ziada, na huyu hakuna aliyemwambia aje. Ndiyo maana nawafukuza watu."

Asali akakaa kwenye mkono wa kochi. Muda wote ule alidhani mama ameng'ang'ania kuta.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia niko tayari kuondoka, ungeuza siku ile ile, ili niende nikatibiwe. Sikujui?"

Muuguzi akakohoa kidogo. "Chumba cha nyuma mimi sina kazi nacho. Ukitaka, panga."

Mama akamtazama Asali. Magoti yake yalikuwa yamevimba chini ya khanga. Asali aliyaona, akajua hana pa kutokea.

"Nitapanga," akasema, kama mtu anayemeza dawa chungu akiwa anatazamwa.

Kaka alikuja na gari kumchukua mama, akamsifu dada yake kwamba alijua tu ataweza. Mama alimshika Asali mkono kupitia dirisha la gari, akauachia gari lilipoanza kutembea.

Muuguzi ni mtu mwema. Ameezeka upya, amebomoa ukuta wa chumba kile kilichokuwa kinavuja, na kodi haidai kwa ukali. Mama naye anatembea tena, kwa fimbo. Asali bado anauza nyumba kuukuu, na anauza vizuri. Kila wikendi hujiambia atajitafutia pengine, na kila wikendi huzunguka na wateja mpaka miguu inamwaka, kisha anarudi kwa kichochoro cha pembeni hadi chumba cha nyuma.

Akihitaji maji ya jikoni, husimama mlangoni na kupiga hodi.

"Asali, wewe ni mtu wa humu humu," muuguzi humwambia. "Hodi ya nini?"

Asali hucheka, huchota maji yake, na kesho yake hupiga hodi tena, akisubiri kukaribishwa.