Maulidi Mbele ya Meza ya Karani

Miaka ile ya chama kimoja, nilikwenda ofisi ya komine, yaani ya serikali ya mtaa, ya Shituru kuchukua cheti cha kuzaliwa cha binti yangu. Mbele yangu walisimama wazee wawili Waislamu, watu wa Maniema, wakiomba ruhusa ya kuandamana siku ya Maulidi, pamoja na dufu na bendera ya kijani.

Karani akaweka kalamu chini. "Kutembea na ngoma na bendera, ile ni siasa. Na siasa hapa iko moja tu, ya chama."

"Hapana, mukubwa. Shiye tunamusifu Mutume tu."

"Basi mufanye hapa hapa, nione."

Wakatazamana. Dufu lilikuwa limebaki nyumbani, kwa hiyo mmoja akagonga meza kwa vidole, mwenzake akaanza zikiri. Waliyumba kushoto, kulia, macho wameyafumba. Hata bega la karani lilianza kufuata.

Akajizuia, akagonga muhuri. "Haiko siasa."

"Mukubwa ameonea wapi?" mzee akauliza.

Karani alitupa jicho mlangoni, akajibu kwa sauti ndogo: "Munafunga macho. Shiye ku chama tukiimba, kila muntu anaangalia nani haimbi."

Jawabu lile nilitoka nalo. Jumamosi iliyofuata, uwanjani kwenye mkutano wa chama, tukimwimbia kiongozi wetu, nilitaka kujua ikoje, nikafumba macho. Sikumaliza ubeti mmoja. Niliyafumbua haraka, kutazama nani ameniona.