Likizo Nilipokuwa Mtandao wa Kiwanda cha Chai

Vijana wa kidato cha kwanza, kaeni vizuri niwaambie jinsi kazi ilivyokuwa enzi zetu, yaani likizo iliyopita.

Siku ya kwanza, Meneja wa Uzalishaji alinitazama toka viatu hadi kichwa. "Wee weri, unajua kukimbia?" Weri ni kijana, kwa Kipsigis. Nikasema najua. Mahojiano yakaishia hapo.

Majani mabichi hulazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zikipuliza kutoka chini mpaka yanyauke. Kila kitanda kina kihisi, kidude kinachopima joto na unyevu na kutuma habari bila waya kwa kompyuta inayoendesha feni. Shida ni kwamba vitanda vikijaa, mawimbi yanakatika, feni zinasimama, na majani yanapata joto na kuharibika. Basi mimi nikawa nakimbia kusoma vipimo na kuvitangaza kwa kelele kwenye dirisha la chumba cha kompyuta. Mtandao ulikuwa mimi, na kasi yangu ilikuwa ya ng'ombe wa Siongiroi aliyeshiba.

Vihisi vilifungwa na Fundi Mkuu wa Mitambo, ambaye wote tulimwita Madam. Alivijaribu vizuri kabisa, ila Jumatatu asubuhi, wakati vitanda ni vitupu kwa sababu Jumapili watu wako kanisani, hawachumi. Meneja akachoka.

"Madam, kesho mawimbi yakikatika tena, ng'oa vihisi vyote. Tunarudi kwa swichi za mkono."

Kazi yake yote, ing'olewe! Madam, macho kwenye kompyuta, akaninyooshea kidole. "Wewe, toka hapo kwa antena." Nikatoka. "Rudi." Nikarudi. "Toka tena."

"Madam, hii ni dansi gani?"

"Ukisimama hapo, mawimbi yanaanguka. Mwili wako ni maji."

"Hata kichwa?" Meneja akauliza.

"Kichwa ndiyo zaidi."

Majani mabichi nayo ni maji. Kumbe antena za vihisi tulikuwa tumezizika ndani ya majani! Tukazipandisha juu ya milingoti, juu kuliko rundo lolote, tukaongeza visanduku vya kupokezana ili kila kihisi kiwe na njia mbili: moja ikizibwa, habari inapita nyingine.

Kesho yake malori kutoka Kapsoit yalileta majani yaliyolowa mvua. Vitanda vikajaa pomoni. Feni zikanguruma, hazikusimama. Meneja akatia mkono ndani ya majani, akakuta baridi. "Madam, kongoi," akasema. Hiyo ni asante, na kwa Meneja yule ni hotuba nzima.

Nilistaafu shule zilipofunguliwa. Wastaafu wenzangu hulalamikia migongo. Mimi siku zangu za mwisho nilikunywa chai tu kando ya dirisha lile, na hakuna mtu aliyeniita.