Baba Yetu Uwanjani Wingwi

Mpaka uzeeni Mchungaji Elisha Songoro aliendelea kuisikia sauti ile: mbavu za Bakar zikivunjika chini ya pembe, kama kuni kavu.

Ulikuwa mchezo wa ng'ombe, Wingwi, kisiwani Pemba. Bakar, jirani aliyewahi kumng'oa mchungaji meno kwa rungu wakigombea mpaka wa mikarafuu, aliteleza mbele ya fahali, pembe ikamzama ubavuni. Watu wakatimua mbio. Elisha alikuwa mchezaji hodari kabla ya kubatizwa, na kila mtu alijua ni yeye tu angemweza ng'ombe yule.

"Padri, ingia!" alipiga kelele Bi Mwatum, mke wa Bakar. "Au kule kupenda adui unakohubiri ni kwa Jumapili tu?"

Elisha akafumba macho, akasali Baba Yetu mpaka Amina. Pembe ikazama mara ya pili. Hapo ndipo alipovua kanzu, akaruka, akamfunika nayo fahali uso, akamburuta Bakar nje, damu ikiwatapakaa wote wawili.

"Sala yako ndiyo iliyoniponya, jirani," Bakar alisema kwa tabu.

Mchungaji akamwinamia sikioni.

"Niliisali polepole makusudi," alinong'ona.