Umri Ambao Kompyuta Ilinipa

Nilitoka Runyenjes kwenda chuo kikuu kule Nchiru kusomea kompyuta bila kuwahi kugusa hata moja. Shuleni kwetu zilikuwepo, ila zilifungiwa chumbani zisije zikaharibika.

Mwanzoni mhadhiri alitufundisha C, lugha ya kuandikia programu, ubaoni. Kutangaza kigeu, alisema, ni kuiambia kompyuta jina la kitu na aina yake. Tukanakili. Tulipoingia maabara hatimaye, nilibonyeza kwa kidole kimoja, na katikati ya programu yangu nikaandika:

int umri;
printf("%d", umri);

Nilitarajia sifuri, kwa kuwa sikuwa nimeupa huo umri namba yoyote. Skrini ikaleta namba ndefu ajabu, yenye alama ya kutoa mbele. Nikamwita mhadhiri, nikamuuliza imetoka wapi.

Akainama, akaisoma kwa sauti. "Huyu hata hajazaliwa!" Maabara nzima ikaangua kicheko. "Dada, kwani huko kwenu Runyenjes chai imeisha kuchunwa, ukaona uje kwa kompyuta?"

Akaenda zake bila kunijibu.

Jumamosi nilirudi peke yangu, nikajaribu hili na lile hadi nikaelewa. Kutangaza kigeu kunatenga nafasi tu, hakuisafishi. Usipoweka thamani yako, printf itakuchapishia takataka yoyote iliyoachwa pale. Nikaandika int umri = 19; na kumi na tisa ikatokea.

Kijana mmoja wa darasa letu, aliyecheka kuliko wote, alinifuata kwenye kibanda cha chapati karibu na hosteli. "Siz, nisaidie. Hii kitu imenikataa kabisa." Nikamweleza polepole: ni kama kuhamia chumba cha kukodi, ukakuta uchafu wa mpangaji aliyetoka.

Kipindi kilichofuata alisimama akayasema maneno yangu yote, hadi mpangaji na uchafu wake. Mhadhiri akapiga makofi. "Mnaona? Huyu ndiye programa!" Akamfanya msaidizi wake wa maabara. Nilimkazia macho yule kijana. Akajifanya anatafuta kalamu.

Baadaye akaja tena, safari hii kuhusu namba za desimali.

"Muulize mhadhiri wako," nikamwambia.

"Kumbe uko na roho mbaya hivyo?"

"Ndiyo."

Mtihani niliupita. Yeye pia aliupita. Mama alipopiga simu kuuliza kama wenzangu ni watu wazuri, nilimjibu kwa Kiembu kwamba wako sawa tu. Ningemweleza, angeniombea nipate moyo wa kusamehe, nami sikuutaka. Mpaka leo siutaki.